Majabali ya Samail Hayajafa

Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliporejea Oman kutoka Unguja mwaka 1974, aliyatazama majabali ya Samail akasema, "Ardhi hii imekufa." Alizoea mashamba ya karafuu, nani atamlaumu? Lakini wajukuu zake sasa wanalirudia neno lile, ndiyo sababu naandika.

Majabali yale si ya kawaida. Asili yake ni chini kabisa ya sakafu ya bahari, yakasukumwa juu ya nchi kavu zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Maji ya mvua yakipenya nyufani, jiwe hubadilika na kutoa hidrojeni. Maji nayo huwa makali kama magadi. Ndiyo yale ya buluu tunayoyakuta mabondeni, yenye utando mweupe juu.

Baina ya 2016 na 2018 wataalamu walichimba visima vyembamba, vingine vya mita 400, wakatoa mawe na maji ya kupimwa. Vijidudu vimo! Mamia ya mita chini, bila jua, vingine vinakula hidrojeni na kutoa methani. Tena si vya aina moja: maji yakibadilika, na wakaazi wake hubadilika.

Siku hizi wapo wanaotaka kulichochea jabali litoe hidrojeni zaidi, iwe nishati. Watoto wetu watapata kazi, sikatai. Ila chakula hicho kina wenyewe. Nyinyi mnaosomea uhandisi, mkiajiriwa kule, ulizeni kwanza: wakaazi wa kisima hiki wameshajulikana?