Kuta Zilizosimama Ahero

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Nairobi hufika Ahero baada ya kilomita 25 hivi. Hapo njia hugawanyika: moja huendelea kwenda Awasi na Kericho, na nyingine hushika kusini kupitia Katito na Sondu hata Kisii. Nchi yote ni tambarare, nayo ndiyo mbuga ya Kano. Mto Nyando hupita karibu, na mwaka 1969 ulianza mradi wa kuyavuta maji yake kwa pampu ili kunywesha mashamba ya mpunga. Jina Ahero kwa Kijaluo lina maana ya "napenda", na mtu aliyekwisha kula wali wa huko kwa samaki wa ziwani hatauliza sababu.

Lakini msafiri asitazame mpunga peke yake. Na atazame pia zile nyumba zilizofika kwenye linta zikaachwa, nondo zimechomoza juu zikiota kutu, na majani yamemea palipokusudiwa kuwa sebule. Nyumba hizo hazikuachwa kwa uvivu. Katika Kenya nzima, mwisho wa mwaka 2023, mikopo ya benki ya kununulia au kujengea nyumba ilikuwa ipatayo 30,000 tu. Watu wengi hujenga kwa fedha za mkononi: msimu huu msingi, mavuno yajayo kuta, na mabati Mungu akijalia. Kwa hiyo vitu vikipanda bei hakuna anayefilisika, wala nyumba haipigwi mnada. Kazi husimama tu.

Na bei zilipanda. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilitoza asilimia 17.5 juu ya klinka, ambayo ndiyo hufanywa saruji, na juu ya vyuma vighafi viletwavyo kutoka nchi za nje. Mwezi wa Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake hata asilimia 13. Mwaka huo huo kazi ya ujenzi katika nchi ilipungua badala ya kukua. Tena mvua za masika za mwaka 2024 zilileta mafuriko makubwa katika Kano, na mwenye mpunga uliozama hana la kumwambia mwenye duka la saruji.

Mbuga yenyewe ina deni lake. Udongo wake mweusi hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hata ukuta uliojengwa kwa haraka hupasuka pamoja nao. Fundi mwaminifu huuchimba udongo huo na kuutoa, kisha hujaza muramu na kuushindilia kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Mwenye nyumba huona fedha zake zikizikwa ardhini kabla hajaona hata dirisha moja.

Sasa ni nani aumiaye? Mtu angedhani ni mwenye nyumba peke yake, kumbe sivyo. Mjaluo hahesabu chumba cha kupanga sokoni kuwa nyumbani kwake. Nyumbani ni katika boma lake, kwa ardhi ya baba zake. Karani au mwuza duka hukaa katika chumba cha kodi akingoja kuezeka nyumba yake bomani, ndipo ahame. Asipoezeka, hahami. Chumba chake hakimfikii mwalimu mpya aliyetumwa shule ya jirani, wala mwuguzi aliyeoa juzi. Na mwenye ploti, aliyetaka kuongeza vyumba vinne nyuma, naye amesimama kwa sababu ile ile. Watu huongezeka na milango haiongezeki. Basi mwenye vyumba hana haja ya kupunguza kodi, wala ya kutengeneza bati livujalo.

Huko Marekani mambo yalianza kwa njia nyingine. Nyumba zilizoanzwa kujengwa mwaka 2005 zilipita milioni 2, lakini mwaka 2009 hazikufika 600,000. Kwanza bei zilianguka, maana nyumba za mikopo zisizo na wanunuzi zilijaa. Uhaba ulikuja baadaye, nao ukapandisha bei. Ahero haikuwa na ghala la nyumba tupu la kumaliza kwanza, hivyo upungufu huonekana upesi.

Waashi nao hutawanyika. Aliyekuwa akijenga hapa hutafuta vibarua Kisumu, na msaidizi wake hurudi kulima. Siku mwenye nyumba atakapopata fedha, atalazimika kumngoja fundi.

Yule mwalimu aliyekosa chumba hulala Kisumu. Alfajiri hupanda matatu kuja kazini, na jioni hurudi nayo, akilipa nauli mara mbili kwa siku. Kodi yake humfaa mwenye nyumba wa mjini, na unga, sukari na mafuta ya taa hununua huko huko, huku maduka ya Ahero yakifunga milango mapema.