Mwenye Neno la Kuzima

Baba yangu alifanya kazi kwenye boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa, hapa Gisenyi, Rwanda. Gesi iliyowasha boila hizo ilitoka Ziwa Kivu. Tangu 1963 palikuwa na kituo kidogo pale Rubona, kilichojengwa na Wabelgiji wa Union Chimique Belge: bomba lilishushwa hadi kwenye kina, maji yakapanda yakisukumwa na mapovu yake yenyewe, methani ikatengwa na kupelekwa kiwandani. Ada yangu ya shule ilitoka huko. Gesi ya Kivu ilinilisha miaka mingi kabla sijaajiriwa kuichunga.

Mwaka 1986 nilikuwa sekondari. Aprili 26, kinu namba nne cha Chernobyl kililipuka katika Muungano wa Kisovieti. Agosti 21, ziwa Nyos la Kamerun lilitapika kaboni dioksidi usiku, likaua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao. Habari ya kwanza ilipita nyumbani kwetu kama habari zote za mbali. Ya pili ilimfanya baba azime redio. Alileta chupa ya Primus, akaitikisa, akaweka kidole gumba juu ya kizibo. “Binti yangu, ziwa letu ndilo hili,” akasema. “Kizibo chake ni uzito wa maji ya juu.”

Sisi wa mpakani hatukuhitaji maelezo marefu. Tuliijua mazuku, gesi inayotuama kwenye mabonde ya mawe ya volkano upande wa Goma na kuua mbuzi, wakati mwingine na mtoto aliyetumwa kuwatafuta. Tulikatazwa kushuka mashimoni asubuhi ambayo haina upepo. Lakini Nyos ni ziwa dogo. Kivu, lenye kina cha karibu mita 485, limebeba chini takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na watu wapatao milioni mbili wanaishi kandokando yake, Rwanda na Kongo.

Nilisoma kemia Butare. Mwaka 1994, wa mauaji ya kimbari, ulikatiza masomo yangu, kama ulivyokatiza mengi yaliyo makubwa kuliko masomo. Baadaye nilimaliza, nikafundisha sekondari, na serikali ilipoanzisha Programu ya Ufuatiliaji wa Ziwa Kivu, yenye makao hapa mjini, niliacha chaki nikapanda mashua.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Tulitoka mapema, wavuvi wa sambaza wakirudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, tukafika pale maji yalipo na kina, tukashusha sondi kwa winchi. Sondi inapima jotoridi, chumvi, uchafu wa maji na msukumo wa gesi kila inaposhuka. Baada ya mita 60 hivi oksijeni inakwisha. Ukikaribia mita 260 unakutana na kile tulichokiita ukuta: katika mita chache tu chumvi inapanda ghafla, na maji ya chini yanakuwa mazito kuliko ya juu ingawa yana joto zaidi, kiasi cha nyuzi 26 kule sakafuni. Ukuta huo ndio unaoyazuia maji yenye gesi yasipande. Mahali gesi ilipokaribia zaidi kushiba, ilikuwa imefika kidogo zaidi ya nusu ya kiasi ambacho maji ya kina kile yanaweza kubeba. Nusu ile nyingine ndiyo akiba ya usalama wetu.

Kisha binadamu akaanza kulichokoa ziwa kwa makusudi. Mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wenye megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016. Unavuta maji kutoka mita 355, unatoa gesi na kuyarudisha kwenye mita 240. Huku kwetu, wilaya ya Rubavu, ukaja mradi wa Shema Power wa megawati 56. Kwa macho ya mkaguzi, kuchota ni sehemu nyepesi ya shughuli hii. Ugumu uko kwenye kurudisha. Maji ukiyarudisha juu mno, unapeleka sumu na virutubisho kwenye tabaka la samaki. Yakiwa na uzito usiolingana na mahali ulipoyaachia, yatapanda au yatazama yakitafuta wenzake, na njiani yataula ukuta. Ndiyo maana mwongozo ulioandikwa na jopo la wataalamu mwaka 2009 kwa ajili ya Rwanda na Kongo ulitanguliza usalama wa watu, faida ya umeme ikafuata: ukuta usidhoofishwe, hata kama njia nyingine inatoa megawati zaidi.

Hapo ndipo nilipolazimika kujifunza kutoka kwa watu wa nyuklia. Duniani hapakuwa na mahali pengine pa kujifunzia udhibiti wa gesi ya ziwa kwa kiwango hiki, na wao walikuwa wamehangaika kwa miongo mingi na swali linalofanana na letu: utaruhusuje kitu ambacho siku kikiharibika, kimeharibika kwa mkoa mzima? Katika mafunzo nilikaa na wakaguzi wa vinu vya Ulaya na wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Jambo la kwanza walilonifundisha ni kwamba mdhibiti hathibitishi kuwa mtambo ni salama. Mwenye mtambo ndiye anayethibitisha, kwa maandishi, kabla ya kupewa leseni: nini kinaweza kuharibika, kinga ya kwanza ikishindwa ya pili ni ipi, ya pili ikishindwa je. Mdhibiti analipwa kutilia shaka. Na leseni ikishatolewa, shaka haikomi: Marekani huweka wakaguzi wakazi katika kila kituo cha nyuklia, na nchi nyingi za Ulaya humtaka mwenye kinu alete upya hoja nzima ya usalama kila baada ya miaka 10.

Nilirudi nikabadilisha namna yangu ya kusoma taarifa za waendeshaji. Zamani nilianza na jedwali la mwisho. Sasa nilianza na daftari la zamu, hasa zamu za usiku na za sikukuu, kwa sababu mtambo husema ukweli wakati wakubwa wamelala. Nikalinganisha mtiririko walioandika na alama ambazo sondi yetu iliziona majini. Mkanganyiko mdogo ulinitosha kuandika barua.

Siku moja nilipanda jukwaa linaloelea la mwendeshaji ambaye sitamtaja. Kila kitu kiling'aa. Kwenye chumba cha kutenga gesi niliangalia kibandiko cha kihisi cha haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo ikizidi huua uwezo wa kuinusa kabla ya kumuua mtu. Muda wa kukilinganisha na gesi ya kipimo ulikuwa umepita. Msimamizi wa zamu, kijana mwenye adabu, aliniambia, “Mama, kinafanya kazi, sikiliza.” Akabonyeza kitufe, king'ora kikalia. Nikamwambia king'ora kinathibitisha kuwa king'ora kinalia. Kama kihisi kinaona gesi, hiyo ni habari nyingine. Nilitaka upande ule usimame hadi kihisi kilinganishwe. Simu zikaanza: ofisi yao, kisha mtu wa umeme, kisha mtu wa juu ya mtu wa umeme, akiniuliza kwa upole kama naelewa Kigali inahitaji kiasi gani jioni ile. Nilielewa. Upande ule ulisimama. Kihisi kilipolinganishwa kilionekana kizima, na kuna waliocheka. Sikujali, kwa kuwa nilichokagua siku ile hakikuwa kihisi peke yake. Nilikuwa nakagua kama neno letu la kuzima lina nguvu au ni mapambo ya leseni.

Nguvu hiyo inatoka kwenye sheria na bajeti kabla ya kutoka moyoni mwa mtu. Marekani ilianza na tume moja iliyoitangaza nyuklia na kuidhibiti papo hapo. Sheria ya 1974 iliivunja, na tume huru ya udhibiti ikaanza kazi Januari 1975. Japani ilichelewa. Shirika lake la usalama wa nyuklia lilikaa ndani ya wizara ileile iliyohimiza vinu, na Machi 2011 wimbi la mita zipatazo 14 likafunika Fukushima Daiichi, kituo kilichoandaliwa kwa wimbi la chini ya nusu ya hapo. Tume ya uchunguzi ya Bunge ilisema wazi kwamba yale yalikuwa maafa ya kutengenezwa na watu, na mwaka 2012 udhibiti ukahamishiwa chombo kipya, huru. Kenya imetenganisha mapema: sheria yake ya 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia, na wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia uko mbali nayo. Ufuatiliaji wa ziwa letu nao ulikaa kwanza upande wa nishati, kisha ukahamishiwa REMA, mamlaka ya mazingira. Wenzangu wengine waliona ni mabadiliko ya barua za ofisi. Mimi niliona aliyesaini mshahara wangu si mtu anayehesabu megawati.

Mkaguzi naye lazima akaguliwe. Mwaka 2005 utafiti ulidai methani ya Kivu imeongezeka sana katika miongo michache. Hofu ikatanda, na hofu ikawa hoja ya kuharakisha uchimbaji. Machi 2018 timu za nchi kadhaa zilikutana ziwani, kila moja na mbinu yake, zikapima maji yaleyale. Matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha ongezeko la maana. Tangu siku hizo sijaamini kipimo ambacho hakijawahi kusimama karibu na kipimo cha mtu mwingine.

Mtihani mkubwa ulikuja Jumamosi usiku, Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, lakini ardhi haikutulia. Nyumba za Rubavu zilipata nyufa, na Mei 27 wakazi wa sehemu kubwa ya Goma walipoamriwa kuondoka, maelfu walivuka kuja kwetu. Magma ilikuwa imepita chini ya mji kuelekea chini ya ziwa. Kila niliyekutana naye aliuliza swali moja: “Mama, ziwa linasemaje?”

Mwaka 2002 lava ilikuwa imeingia ziwani bila kuvuruga gesi ya chini, lakini yaliyopita hayapimi yaliyopo. Tulitoka na mashua ardhi ikiwa bado inatikisika, tukashusha sondi, tukatafuta joto jipya, uchafu mpya, ukuta uliosogea. Tabaka zilikuwa mahali pake. Wengine walitaka tutangaze hakuna hatari kabisa, wengine walitaka tuwatishe watu wakimbie. Nilishikilia sentensi yenye mipaka: vipimo vya leo havionyeshi mabadiliko ya chini, kesho tutapima tena. Watu waliikubali kuliko nilivyotegemea, nadhani kwa sababu kesho yake waliiona mashua ikitoka.

Sasa nimestaafu, na Rwanda inazungumza juu ya nyuklia. Bodi ya Nishati ya Atomiki iliundwa 2020, mkataba na kampuni ya Dual Fluid wa kujenga kinu cha majaribio ulitiwa saini Septemba 2023, na udhibiti wa mionzi uko RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma. Vijana wanaoelekea kazi hiyo hunitembelea wakitarajia nizungumzie urani. Mimi nawataka wadai mambo matatu kabla zege halijamwagwa: fedha zao zisipitie kwa anayezalisha umeme, waruhusiwe kuingia mtamboni bila taarifa, usiku na mchana, na amri ya kuzima isisubiri ruhusa ya yeyote anayepungukiwa na umeme. Wakinyimwa hata moja, nawaambia, waseme hadharani wakati huo huo, maana kinu kikishawashwa, kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kutowasikiliza.