Zenji Bomba, Ila Mbao Zinakunywa Maji!

Wapenda safari, leo tuko Unguja, Mji Mkongwe. Nimeshuka botini mwezi wa tano, masika yanaishia, shati limeganda mgongoni kabla sijavuka geti la bandari. Hewa hapa unaweza kuikamua.

Wazee wa mji huu walijua. Nyumba za kale walilaza boriti za mikoko, juu wakashindilia mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, mita 3 hivi. Boriti haifiki mbali. Ufundi wa mbao wakaumalizia milangoni.

Mshikaji wangu, kaoa juzi tu, kafungua nyumba ya wageni kwa mkopo mtupu. Akataka sakafu ya mbao, kishua! Mbao zikaja kutoka Dodoma, kavu kama biskuti, zikapigwa misumari siku ileile, zimebanwa ukuta hadi ukuta. Mvua zilipokolea, wee! Nimekuta mlango haufunguki, sakafu imetuna kama kuna mtu kalala chini. Na wageni wa Julai wameshalipa nusu.

Ubao, msomaji, haurefuki, unanenepa ubavuni. Chumba cha mita 4 kina mbao 40 za sentimita 10. Kila moja ikivimba milimita 1 tu, hizo ni sentimita 4. Ziende wapi? Juu! Kiyoyozi nacho, mgeni akiwepo kinawashwa, akiondoka kinazimwa: leo zinanywea, kesho zinavimba.

Fundi kaja na mashine ya kusugua, eti asawazishe. Seremala mmoja mzee, jirani, akamshika mkono.

"Mwanangu, wacha zikauke mwanzo. Kingo zimepanda kwa sababu chini kuna maji kuliko juu. Ukizisugua leo, zikikauka kila ubao utabaki na kibiongo."

Fundi kanuna, lakini mashine imerudi kwenye boksi. Wameng'oa ubao wa pembeni kila upande, wakaacha mwanya wa upana wa kidole, utafichwa na ubao mwembamba wa ukutani. Feni zinazunguka mchana kutwa. Chumba kimoja kimeshaanza kulala, mlango unafunguka. Cha pili bado kinaringa.

Cha tatu hakijawekwa sakafu. Mbao zake mzee kaamuru zipangwe humohumo ndani, zipishane ili hewa ipite, wiki kadhaa kabla ya msumari wa kwanza. Bibi harusi kazigeuza kochi, anakunywa chai juu yake, kalenda ya Julai mkononi.