Bustani ya Kivulini

Jua husifiwa na wengi bustanini. Kivuli husifiwa na wachache. Msafiri hukitamani njiani, na mchovu hukilalia adhuhuri. Lakini mtu apangapo kupanda maua mbele ya nyumba yake, kivuli hugeuka kuwa adui, na mti ukitoao huhesabiwa mwizi wa nuru. Shoka huletwa kabla ya shauri kuulizwa. Katika insha hii nataka kukitetea kivuli, si kwa maneno matamu, bali kwa mimea inayostawi ndani yake bila kumdai mwenyewe utumishi wa kila siku.

Jambo hili lilitufikia nyumbani kwetu Muheza, chini ya milima ya Usambara, baada ya kufariki baba. Aliacha mwembe mkubwa uliofunika sehemu kubwa ya ua. Mama amepita miaka sabini. Magoti yake hayapendi tena kuinama, wala mkono wake hauwezi ndoo iliyojaa. Mimi hufundisha Dar es Salaam, nami huenda kumtazama mara moja kwa mwezi. Dada yangu, aishiye karibu naye, alitaka ua uwe na mawaridi, asumini na mrehani kama ulivyokuwa ua wa bibi yetu. Kwa kuwa mimea hiyo hupenda jua, alishauri mwembe ukatwe. Mama hakusema neno. Lakini chini ya mwembe ule ndipo achambuapo mchele, ndipo apokeapo wageni, na ndipo alipokuwa akikaa na baba jioni.

Shauri la dada halikuwa la upuuzi, kwa maana ua usio na rangi huongeza upweke wa mjane. Kasoro yake ilikuwa katika hesabu. Mwembe ukikatwa, jua litashuka. Jua likishuka, udongo utakauka. Udongo ukikauka, itatakiwa ndoo. Na ndoo itataka mkono ambao haupo. Bustani ya mtu mzima haina budi kupimwa kwa nguvu za mwenyewe kwanza, na kwa uzuri wa maua baadaye.

Basi yapasa mtu akijue kivuli chake kabla ya kuchagua mmea. Vivuli havilingani. Karibu na shina pana kivuli kikavu: mwembe haupukutishi majani yake yote kwa pamoja kama miti mingine, kwa hiyo hufunika mwaka mzima, na mizizi yake hunywa maji kabla ya wengine. Pembezoni mwa matawi pana kivuli cha madoadoa, ambapo nuru hupenya kidogo kidogo. Karibu na bomba pana kivuli chenye unyevu, kwa sababu ya matone yamwagikayo. Kila kimoja kina watu wake.

Kwenye kivuli kikavu tuliweka mkonge wa mwitu, ule ambao wataalamu waliuita Sansevieria. Majani yake husimama kama panga, nayo huweka akiba ya maji ndani. Vitundu vya majani hayo hufunguka zaidi usiku, wakati jua haliwezi kuiba unyevu. Jirani yake tuliweka Zamioculcas, mmea wenye majani yang'aayo kama yaliyopakwa mafuta. Siri yake imo chini ya ardhi, katika viazi vinene vitunzavyo maji. Hata ukisahauliwa kwa majuma kadhaa haulalamiki. Katika madoadoa tulipanda Impatiens, yenye maua mekundu, meupe na ya waridi. Jina lake la Kilatini lina maana ya asiye na subira, kwa kuwa maganda ya mbegu zake yaliyokomaa hupasuka yakiguswa. Huyu hutaka maji zaidi, kwa hiyo alipewa upande ulio karibu na bomba, pamoja na kangaga.

Barazani tuliweka vyungu vya Saintpaulia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani katika nchi ya Usambara, aliupeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akauandika katika elimu ya mimea kwa jina la familia hiyo. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Huota penye miamba yenye kivuli msituni, na maji yake hutiwa udongoni, maana majani yake yenye vinyweleo huharibika yakilowa. Aina kadhaa zake zimo hatarini kutoweka. Kwa hiyo anunue iliyozalishwa bustanini, asing'oe ya msituni, kila aipendaye.

Hapa ndipo moyo wangu ulipoguswa. Zamioculcas huota yenyewe toka Kenya hata Afrika Kusini, na hiyo Impatiens ni mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Uholanzi ilianza kukuza Zamioculcas kwa wingi kwa biashara katika miaka ya 1990. Leo sisi huinunua mijini kwa bei ya mgeni mheshimiwa. Penye miti hapana wajenzi.

Utunzaji wake ni mchache. Usichimbe sana penye mizizi ya mwembe, wala usiulundikie udongo shinani. Tafuta nafasi kati ya mzizi na mzizi. Desturi yetu ni kufagia ua kila asubuhi: desturi hiyo ibaki, ila majani yafagiwayo yasichomwe, bali yatandazwe miguuni mwa mimea yahifadhi unyevu. Kisahani cha chungu kisiachwe na maji, kisije kikawa kitalu cha mbu. Na penye kiti cha mzee paachwe uwanda mtupu, aone kila kitambaacho.

Dada alipata asumini yake kwenye ua wa mashariki, matawi yasikofika, mche mmoja tu, naye ndiye aumwagiliaye. Mawaridi aliyaacha. Mchagua nazi hupata koroma, lakini asiyechagua kabisa hupata kazi isiyokwisha. Mama sasa ana maua asiyoyatumikia, na mti alioupanda mumewe ungali juu yake. Kwa kadiri nionavyo, hiyo ndiyo busara ya bustani: kuyauliza mahali yanataka nini kabla ya kuyaamuru yatoe nini, na kumwuliza mzee vivyo hivyo.