Nafsi ya Mwalimu Mwanagenzi

Aghalabu tunapojadili mafunzo ya ualimu, mjadala hukomea kwenye mbinu na vifaa. Mwalimu mwanagenzi hupimwa kwa azimio la kazi, andalio la somo na mpangilio wa ubao. Hali ya nafsi yake haina safu katika fomu ya mtahini.

Mwaka 2018 nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili kisiwani Mombasa. Nilitoka bara na Kiswahili cha vitabuni, nikapanga chumba Mji wa Kale kwa fedha zangu, maana mazoezi hayo hayana ujira. Nilichokihofia si utundu wa wanafunzi bali ulimi wao. Mtoto wa Kimvita akisema "ndia" na "mato", mgeni mwenye kamusi kwapani amwambie nini? Kila asubuhi nilipita Ndia Kuu, jina ambalo likiandikwa katika insha hutiwa wino mwekundu. Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika mumu humu Mombasa na kuteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, chuoni tuliukariri kwa ajili ya mtihani tu. Sasa matokeo yake yalikuwa yameketi mbele yangu, yamevaa sare ya shule.

Wiki ya tano mtahini mmoja alinikatiza mbele ya darasa zima ili kusahihisha matamshi yangu. Wanafunzi wakaangua kicheko. Kwa majuma mawili nilifundisha nikiutazama ukuta wa nyuma.

Aliyeninusuru ni mwalimu mlezi wangu, mama wa makamo mzaliwa wa Kuze. Hakunipa nasaha ndefu. Alinikalisha katika chumba cha walimu, akanimiminia chai, akauliza: "Umekula, mwanangu?" Kisha akapendekeza kwamba dakika tano za mwanzo wa kila kipindi wanafunzi wanifunze Kimvita chao, nami niwaoneshe umbo sanifu. Aliyenicheka zaidi akawa ndiye mkali wa kunisahihisha, na wallahi nilifurahi kusahihishwa naye.

Jumamosi tulikutana wanagenzi watano kule Mama Ngina, chini ya mibuyu, tukatafuna kachiri na kusimuliana fedheha za juma. Hakuna mhadhiri aliyetuagiza kufanya hivyo. Mwenzetu wa sita, aliyepangiwa shule ya mbali asikokuwa na mlezi wala kikao, aliacha ualimu kabla ya muhula kwisha. Alikuwa bora kutushinda sote katika sarufi.

Sioni gharama kubwa katika kuyarasimisha haya. Kikao kimoja kila majuma mawili, kisicho na fomu wala alama, kingetosha kuanzia. Na mwalimu mlezi atengewe muda katika ratiba yake, asiifanye kazi hiyo kwa huruma tu. Naye mtahini akitaka kumsahihisha mwanagenzi, asubiri kengele ilie.