Shimo Linaloivisha na Shimo Linaloua

Lugha yetu ina kitenzi ambacho wanafunzi wa mijini wameanza kukisahau: kuvundika. Kuvundika ndizi ni kuzifunika mahali penye joto hata ziive. Jirani yake ni kuvunda, yaani kuoza na kunuka. Maneno haya yanafanana kama ndugu, na katika kazi yenyewe kinachoyatenga ni muda na uangalifu tu.

Hapa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, kuvundika hufanyika ndani ya ardhi. Atakaye kutengeneza urwagwa, pombe ya ndizi ya Wanyarwanda, huchimba shimo liitwalo urwina, akatandika majani ya migomba, akapanga ndizi, kisha akazifunika kwa majani na udongo. Zikiisha kuiva humenywa na kukamuliwa kwa nyasi. Maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke siku mbili tatu. Kinywaji hicho hakingoji mtu: kikikawia hugeuka siki.

Huko Ulaya shimo limepewa kazi nyingine, nayo ni kukomaza mvinyo polepole. Mjini Reims, Ufaransa, mvinyo wa champagne hulazwa katika machimbo ya chaki ya zamani. Nchini Moldova, mahali paitwapo Mileștii Mici, palichimbwa mawe ya chokaa hata zikapatikana njia za chini ya ardhi zenye urefu wa kilomita 200 hivi. Kiasi cha kilomita 55 zimefanywa ghala la mvinyo, na mwaka 2005 ghala hilo liliingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Huko chini mna giza, unyevu, na ubaridi wa nyuzi 12 hadi 14 usiobadilika kwa masika wala kiangazi.

Tulipoyaeleza hayo darasani, mwanafunzi mmoja alituuliza: mbona sisi hatufanyi hivyo katika migodi ya bati iliyoachwa? Swali lake lilikuwa na msingi. Shirika la migodi la SOMIRWA lililoundwa mwaka 1973 lilifilisika mwaka 1985, bei ya bati ilipoporomoka duniani, na mashimo yake mengi yakabaki bila mwenyewe wa kuyatunza. Lakini utupu peke yake haulifanyi shimo kuwa ghala. Sharti kwanza lichunguzwe paa lake, maji yake, na zaidi ya yote hewa yake.

Kuhusu hewa, watu wa pande zetu wana neno ambalo kamusi nyingi hazina: mazuku. Ni mabonde na mashimo, hasa upande wa Goma na Sake, ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini kwenye nchi ya volkano ikatuama kama maji. Wanajiolojia wa mataifa mengine wamelichukua neno hilo na kulitumia katika maandishi yao. Hewa hiyo ndiyo ile ile itokayo katika pombe inayochachuka, nayo imewaua wafanyakazi wengi katika maghala ya mvinyo. Zamani wenye maghala hayo waliingia na mshumaa. Siku hizi hutumia vipimo, maana mtu aweza kulewa hewa hiyo kabla mwali haujazimika.

Tunayasema haya kwa sababu watoto wetu hucheza mashimoni na kuchunga mbuzi karibu nayo. Kitenzi kuvundika kitawafundisha kwamba ardhi ni mpishi mwema. Tunawaomba walimu wenzetu walifundishe na neno la pili, pamoja na maana yake kamili: hewa isiyo rangi wala harufu, nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, imwuayo mtoto na aliyeinama kabla ya mtu mzima aliyesimama.