Kazi za Rais, Darasani

Sisi tunaofundisha elimu ya uraia katika shule za sekondari hapa Likasi tumezoea jambo moja: ukiwauliza wanafunzi kazi za Rais ni zipi, jibu la kwanza humhusu Rais wa Marekani. Wamemwona katika filamu. Hatuwakatazi kuanzia hapo. Yeye ni mkuu wa dola na papo hapo mkuu wa serikali. Hana waziri mkuu. Akikataa sheria iliyopitishwa, Bunge laweza kumshinda kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza.

Ugumu huanza tunaporudi nyumbani. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imezigawa kazi hizo. Kwa ibara ya 69, Rais wa Jamhuri ni mkuu wa dola, anawakilisha taifa, ni alama ya umoja wake, na hulinda Katiba iheshimiwe. Ni amiri jeshi mkuu, na hutangaza sheria. Lakini anayeiongoza Serikali ni waziri mkuu, na Serikali hiyo hujibu mbele ya Bunge. Gavana wetu naye huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Rais humsimika tu kwa amri. «Basi barabara ya Lubumbashi tumdai nani?» huuliza wanafunzi. Swali hilo ni zuri kuliko vitabu vingi, maana kwetu kila shimo huandikiwa jina la Rais, na kila daraja jipya vilevile.

Hukaa zaidi juu ya mwaka 1960. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa waziri mkuu Lumumba. Usiku uleule Lumumba akatangaza kwamba Rais ndiye aliyeondolewa. Sheria ya Msingi, iliyotungwa Ubelgiji, ilimruhusu mkuu wa dola kumwondoa waziri mkuu, ila tendo lake lilihitaji sahihi ya waziri. Kasa-Vubu alizipata mbili, za Bomboko na Delvaux. Baraza la Wawakilishi likabatilisha matangazo yote mawili. Tarehe 14 Mobutu akaingia kati, na hoja ya sahihi haikusikika tena. Mji wetu, ulioitwa Jadotville wakati ule, ulikuwa tayari ndani ya Katanga iliyojitenga tangu tarehe 11 Julai. Hapo darasa hunyamaza: babu zao walikuwako.

Kisha huja muda wa uongozi. Ibara ya 70 yampa Rais miaka mitano, inayoweza kurudiwa mara moja tu, na ibara ya 220 yakataza kuibadili hesabu hiyo. Desemba 2016 muda wa Rais Kabila ulikwisha bila uchaguzi kufanyika. Ikabidi maaskofu wasimamie mapatano ya tarehe 31 mwezi huo, mjini Kinshasa. Tarehe 24 Januari 2019 Rais Tshisekedi aliapishwa, na kwa mara ya kwanza tangu uhuru kiti kikapita kwa amani kutoka kwa Rais mmoja hadi mwingine.

Tangu Oktoba 2024, Rais aliposema kule Kisangani kwamba ataunda tume ya kutafakari Katiba mpya, wanafunzi hawangoji tufungue kitabu. Je, ibara isiyoruhusiwa kubadilishwa hufa pamoja na Katiba ikiwa yote yaandikwa upya? Wanasheria wenyewe hawapatani, nasi hatujifanyi waamuzi. Tunawapa ibara ya 220 waisome kwa Kifaransa, kisha kila mmoja aiandike kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Neno linalowatatiza daima ni lile la muda wa uongozi. Wengi huandika «utawala». Mwaka huu kijana mmoja, mtoto wa mchimba madini, aliandika «zamu», kama zamu ya mgodini, na wenzake wakafuta walichokuwa wameandika.